Dokta Alipohamia Kiti cha Nyuma

Balad, Jeddah
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mwanangu Salha,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukiingia vichochoroni na orodha ya zawadi iliyo ndefu kuliko safari yenyewe. Umesema nusu saa. Mimi ni dereva wa miaka ishirini na miwili. Nusu saa ya mwanamke anayenunua udi na vitambaa vya kupeleka nyumbani naijua vizuri. Nimeegesha kwenye kivuli cha nyumba za kale, nimezima simu, na daftari nimeliweka juu ya usukani. Watu hudhani kazi ya dereva ni kuendesha, kumbe zaidi ni kungoja, na mimi nimengoja mpaka nimekuwa fundi.

Habari za sweta sitakuandikia. Mama yako yuko Tanga na simu yake haiishi chaji. Atakwambia habari za sweta, za vumbi la Dodoma unakokwenda kuanza kazi, za maji ya kuchemsha na za wanaume, kwa mpangilio huohuo, na usipopokea ataanza upya. Mimi nina jambo moja tu. Nimelificha miaka minane nikidhani nitazikwa nalo, kisha wiki mbili zilizopita ukaliamsha bila kujua.

Tulikuwa kwenye barabara ya bandarini, nimetoka kazini, wewe umekaa pembeni yangu na simu yako. Ukasema, "Baba, nimempata Anti Josi." Nikakuuliza Josi yupi, na huku nilijua. Ukaiweka sauti yake gari zima lisikie. Nadhani waikumbuka kwa moyo, maana uliirudia mara tatu:

"Salha, kadogo wangu. Nimeskia sauti yako nikalia kwa stage ya matatu kama mtu mjinga. Ukipitia Nairobi lazima ufike Nakuru, hata kama ni one night. Na usalimie Baba yako sana. Mwambie sijasahau vile alisimama na mimi siku ile."

Ukacheka, ukafuta machozi, kisha ukanikemea kwa kupita taa nyekundu. Hukuniuliza kwa nini nimeipita.

Keshokutwa utakuwa umekaa sebuleni kwake. Atakupikia, atakushika nywele, na atakusifia baba yako. Siogopi kwamba atakwambia nililomfanyia, kwa sababu halijui. Naogopa kwamba utatikisa kichwa na kuzipokea sifa ambazo si zangu, na mimi huku nitakuwa nimekaa peke yangu katika chumba chetu, nikijua ni saa ngapi unazipokea.

Basi nianze na Dokta. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu tulipomkaribisha pilau kule Riyadh, nyumbani kwetu Al-Suwaidi, siku ya Idi. Utamkumbuka mzee Mjerumani aliyekaa mkekani magoti yakamfika kidevuni, akala sahani tatu za mama yako, kisha akakuuliza kama hakimu unataka kuwa nani. Ulisema rubani. Akauliza kwa nini, ukasema unataka kuona paa za nyumba za watu. Akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Ulipenda sana kuandikwa, mpaka ukawasimulia shuleni.

Jina lake siliandiki hata leo. Aliniomba hivyo, na hiyo ni ahadi mojawapo kati ya chache nilizomtimizia. Lakini nitakwambia alikuwa nani, maana wewe ulimjua kama babu wa pilau tu. Kwao alikuwa mkuu wa idara ya usalama, yule anayeletewa kila asubuhi jalada la siri za watu wengine kabla hajamaliza chai. Baadaye akawa katibu mkuu wa wizara. Alipostaafu mkewe alikuwa ameshafariki, na Riyadh ilikuwa imeanza kugeuka: kila ofisi ina mshauri wa kigeni, kila mshauri ana karatasi zenye picha za miji ambayo bado haijajengwa. Yeye aliletwa kuwafundisha maofisa vijana jinsi ya kuandika taarifa. Kampuni iliyomleta ikampa nyumba, ikampa Josephine, huyo Anti Josi wako, wa kupika, ikampa mimi.

Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma kama desturi. Akalizunguka gari akaja kukaa mbele. Nikamwambia, bosi, hapa wakubwa hukaa nyuma. Akasema, "Nimekaa nyuma miaka thelathini, Bakari. Huko nyuma hakuna mtu."

Kwa hiyo maisha yake nimeyajulia pembeni yangu, vipande vipande, hasa kwenye njia ya Riyadh hadi hapa Jeddah. Mara moja kwa mwezi alikuja kuwafundisha watu wa forodha bandarini, mwendo wa saa tisa kwa gari, na ndege alikuwa haitaki. Alizaliwa katika mji ulioungua kwa vita. Baba yake hakurudi. Akasoma sheria mpaka akaitwa Dokta, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga majalada katika chumba cha chini ya ardhi, akaipenda, kwa sababu majalada hayapigi kelele. Nchi yao ilikuwa imegawanyika mbili, na akiwa kijana kazi yake ikawa kusikiliza upande wa pili kupitia watu waliokubali kusema. Nilimuuliza kama mtoto, mlibeba bastola? Akasema alibeba miwani.

Alipanda ngazi moja moja, akafika juu kabisa, na huko juu, kwa maneno yake, watu husimama unapoingia lakini hakuna anayekualika chai. Wenzake waliogopa kumpigia simu kwa kudhani inasikilizwa. Mkewe alifariki yeye akiwa mkutanoni, karatasi ikapitishwa mezani, akaisoma, akangoja mzungumzaji amalize. Hilo alinisimulia tukiwa tunashuka Taif, akiangalia mbele, na mimi nikamnunulia chai. Mwanawe wa kiume alimpigia Jumapili, dakika nne. Najua zilikuwa nne kwa sababu alipokea garini, na saa ya gari iko mbele yangu.

Kwenye njia panda ya kabla ya Makka, Waislamu huenda moja kwa moja na wasio Waislamu huzunguka. Nilizunguka naye kila mwezi. Kila mara alisema, "Samahani, Bakari, unaizunguka dunia kwa ajili yangu," na kila mara nilimjibu kuwa mafuta ni ya kafili, mdhamini wangu, si yangu. Utani wenyewe mdogo, lakini ulikuwa wetu.

Sasa nije kwangu. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iliandikwa dereva, na dereva haruhusiwi kuleta mke wala mtoto. Miaka yote ile ulikuwa unanijua kwa simu na kwa picha. Uliwahi kuniuliza kwenye simu kama mimi ni mrefu. Nililia siku hiyo, nikajifungia chooni wenzangu wasinione. Kisha mandubu, yule mtu wa kafili anayeshughulikia makaratasi yetu wote, akaniita kwenye duka la chai pale Al-Suwaidi. Alikuwa mpole. Akasema ikama inaweza kubadilishwa, niandikwe karani, nikulete wewe na mama yako. Alichotaka ni jambo dogo: kila Alhamisi nipite pale, ninywe chai, nimwambie Dokta amekwenda wapi na nani amemtembelea. Wala si kwa ubaya, alisema, ni kwa usalama wake mwenyewe.

Nilikubali kabla chai haijapoa. Nataka ulijue hilo. Hakunitisha. Ulikuja Riyadh kwa mdomo wangu, na ukanikuta uwanja wa ndege ukasema, "Kumbe ni mrefu," na dakika ile ningemuuza mtu yeyote.

Miezi ya mwanzo haikunisumbua. Dokta amekwenda wizarani. Dokta amekwenda hospitali. Amekuja Mfaransa mmoja, wamekunywa kahawa. Nilijiambia hizi ni habari ambazo hata mlinzi wa getini anazo. Na Dokta mwenyewe siku moja, tumesimama njiani kwa chai, akanisimulia habari za mhudumu wa treni.

Alipokuwa kijana kazini alikuwa na mtu wake, mhudumu wa chakula kwenye treni, aliyemletea habari kila mwezi. Mwezi mmoja yule mtu hakuwa na kitu. Akaona haya kuja mikono mitupu, kama sisi tunavyoona haya kwenda ugenini bila hata sukari. Akasema mwenzake mmoja hupokea vifurushi kwa abiria. Ni kweli alipokea. Vilikuwa viatu vya watoto, vikuukuu, abiria mmoja alikuwa akimpa kwa huruma. Mhudumu alijua ni viatu, lakini hakusema viatu. Dokta akaandika "vifurushi," akatia saini. Mpokeaji wa viatu akafukuzwa kazi, akaingia ulevini, hakuinuka tena. Habari za viatu Dokta alizijua miaka ishirini baadaye, alipokuwa mkuu na akaliagiza jalada mwenyewe. Akatoa amri: asiye na habari aandike "hakuna," na ashukuriwe. Vijana wake wakaweka karatasi tupu kwenye fremu, wakaitundika ukumbini wapate kucheka. Akaniambia hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea taarifa tupu mpaka anaondoka.

Nilidhani ananipigia soga. Nilimwambia, pole, bosi, nikawasha gari. Leo najua ile ilikuwa hodi, na mimi nilikuwa ndani nikajifanya sipo.

Kisha ikaja miezi ya joto, mgongo ukamshika Dokta, akalala nyumbani wiki tatu. Hakwenda popote, hakuja mtu. Alhamisi ya kwanza nikamwambia mandubu, mafi, hakuna. Ya pili, mafi. Ya tatu akakivuta kikombe changu cha chai upande wake wa meza, taratibu, akasema, "Kila wiki mafi, Bakari? Na ikama za watu wako, nazo ziwe mafi?" Akacheka. Mimi nikacheka. Nikasema lipo dogo moja: mpishi huketi na Dokta mezani kila jioni, anamwandikia maneno kwenye daftari.

Akauliza, maneno gani? Nikasema sijui.

Salha, nilijua. Lilikuwa daftari la Kiswahili. Dokta alitaka kujifunza, na Josephine alikuwa akimwandikia majina ya vitu vya jikoni. Nilikuwa nimeliona mwenyewe, nimelishika mkononi, nimewacheka wote wawili. Sukuma wiki. Dania. Nyanya. Hoho. Nilimwambia Dokta, ukijifunza Kiswahili cha Nakuru utaharibika, sisi Tanga tunasema giligilani, na Josephine akanijibu, "Wachana na yeye, bosi, hawa wa Tanga wanaongea kama wako harusi." Tukacheka mpaka Dokta akashika mgongo. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi nikasema sijui.

Sikusema uongo kuhusu Josephine. Kila neno lilikuwa kweli, niliukata tu ukweli mahali palipofaa chai yangu.

Jumapili walikuja kumchukua. Dokta alikuwa hospitali kwa mgongo wake, nimemwacha huko, nimerudi nyumbani kuchukua miwani aliyoisahau. Nikawakuta watu wawili wa kampuni jikoni, na Josephine amesimama na mwiko. Sufuria ilikuwa motoni. Hawakuwa wakali, walitazama saa tu. Walimwonyesha daftari, wakamuuliza kwa Kiarabu ni nini hiki. Yeye Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni. Akanigeukia mimi.

"Baba Salha, waambie. Wewe unajua lugha yao. Waambie ni majina ya mboga, please. Si uliona mwenyewe?"

Wakanitazama. Mmoja akauliza, anasema nini? Ningesema mboga, mandubu angeuliza: mbona Alhamisi ulisema hujui? Nikafikiri ikama. Nikafikiri wewe, uliyekuwa shuleni saa hiyo. Na kwa Kiarabu kizuri, cha madrasa, nikasema, "Anaomba achukue koti lake."

Wakamruhusu. Mmoja hata akamsaidia kulitafuta. Na Josephine, alipoona uso wa yule mtu umelainika, akadhani nimemtetea. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante, Baba Salha. Mungu akubariki. Sema na bosi, ataniokoa." Hakukuwa na baridi yoyote, mwezi wa joto kama ule, lakini alitoka na koti. Hadi leo anaamini nilisema mboga.

Nikazima jiko. Nikampelekea Dokta miwani yake.

Wewe Josephine alikuacha nusu ya kichwa imesukwa. Aliahidi kumaliza Jumatatu. Ulikaa siku nne na nusu ile, ukamkatalia mama yako asiiguse, ukawa unaniuliza kila ninapoingia mlangoni kwa nini Anti Josi hakuaga. Nilikwambia amepata kazi nzuri kwao na ndege ilikuwa ya haraka. Ukaniamini. Ulikuwa mtoto wa kuniamini sana, na mimi nilikuwa bado naona fahari nayo.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya safari ya Jeddah. Nikaleta gari mlangoni, nikasogeza kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo wake kama kawaida. Dokta akatoka na fimbo. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

Saa tisa, mwanangu. Hakusema neno. Sikuthubutu kumtazama kwa kioo, na kioo chenyewe ndiyo kazi yangu. Tulipofika njia panda nilingoja utani wetu. Nilikuwa nimeandaa jibu. Utani haukuja, nikazunguka, na ile njia ya kuzunguka sijawahi kuiona ndefu namna ile. Alikaa nyuma miezi mitano. Salamu alinipa, shukrani alinipa, sikukuu alikuletea wewe peremende. Lakini kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu, na nikaelewa alichoniambia siku ya kwanza, ila nilikielewa kutoka upande wa pili: hata mbele, kumbe, panaweza pasiwe na mtu.

Alhamisi ya kwanza baada ya Josephine kuondoka nilikwenda dukani nikamwambia mandubu, mafi. Alhamisi ya pili, mafi. Ya tatu, ya nne. Nilingoja pigo. Halikuja. Alichoka, akaacha kuniita, na ikama zenu zilipofika wakati wake zikatoka kama kawaida. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Neno lile lingeweza kusemwa Alhamisi moja kabla, na huenda lisingetufanya kitu.

Siku ya mwisho nilimleta Dokta uwanja wa ndege wa hapa Jeddah, mkataba wake umekwisha. Alitoka hotelini, akasimama kidogo kwenye lami, kisha akafungua mlango wa mbele. Nikamsogezea kiti kama zamani. Tulipofika uwanjani hakushuka. Akaniambia alijua tangu wiki ya kwanza kwamba napeleka habari. Kila dereva aliyewahi kupewa katika nchi za watu alipeleka habari, na yeye bila watu kama mimi asingekuwa na mshahara. Kwa hilo hakunichukia.

"Lakini ulijua ni mboga, Bakari," akasema.

Nikasema ndiyo, nilijua.

Kisha akasema la kwake, na hili sijawahi kumwambia mtu. Josephine hakupandishwa ndege siku ileile. Alikaa siku mbili katika nyumba ya kampuni, na Dokta alikuwa na namba ya mkubwa mmoja ambaye angeweza kumtoa kwa simu moja. Hakupiga simu. Mazoea ya kazi yalimshika. Alitaka kwanza ajue nani amesema. Akakaa siku mbili kitandani akipanga: daftari lilijulikana na watu watatu, mmoja ni yeye mwenyewe, wa pili amechukuliwa, amebaki wa tatu. Alipopata jibu akafurahi, ndivyo alivyoniambia, akafurahi kama kijana. Ndipo akapiga simu. Yule mkubwa akamjibu halas, imekwisha, ameshapaa. "Nilikaa nyuma miezi mitano ili nikuadhibu," akasema, "na kila siku nilijua tulipaswa kukaa nyuma wote wawili, na gari liende bila dereva."

Akatoa daftari mkobani. Walikuwa wamemrudishia, wamekwisha kuhakikisha ni mboga. Akasema, mrudishie mwenye mwandiko. Akashuka, akanipa mkono, na kwa Kiswahili cha Nakuru akaniambia, "Kwaheri, Baba Salha." Nilimtazama akitembea na fimbo yake mpaka milango ikajifunga nyuma yake. Hakukuwa na mtu wa kumsindikiza ila mimi. Mwaka juzi nikasoma amefariki. Mistari michache kwenye simu, mkuu wa zamani, katibu mkuu wa zamani. Hawakuandika kuwa alijua kusema sukuma wiki. Nilitafuta mtu wa kumpa pole nikakosa.

Daftari liko chini ya sanduku langu, ndani ya fulana ya bluu ambayo hunioni nikiivaa. Miaka minane. Nilijiambia sijui Josephine yuko wapi. Wewe umempata kwa jioni moja na simu. Simu mimi nilikuwa nayo.

Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Wewe umeingia humo sokoni peke yako na mimi sina hofu. Mabibi wanajiendesha, ndiyo maana madereva wa Riyadh tukatawanyika na mimi nikaishia bandarini kubeba makaratasi ya mizigo. Mama yako alirudi Tanga ada ya wategemezi ilipozidi, tukabaki wawili, nawe ukajifunza kupika wali usiowiva na mimi nikajifunza kuusifu. Kuanzia kesho nitaupika mwenyewe na sitakuwa na wa kumsifia. Mkataba wangu una miaka miwili zaidi. Nimeshajaribu kuhesabu siku nikaacha.

Na wewe unakwenda Dodoma, ofisi ya Serikali, kupokea malalamiko juu ya watumishi na kuyaandikia taarifa. Ulipoisoma barua ya kazi ulirukaruka, mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Sina mawaidha ya kukupa, Salha. Mtu wa mboga hatoi mawaidha. Nakwambia tu jinsi inavyokuwa. Hakuna atakayekuomba useme uongo. Atakuwapo mtu mpole, na chai, na kitu unachokipenda sana mkononi mwake, na utakuwa na karatasi tupu ambayo inakutia haya. Siku hiyo mkumbuke Anti Josi na koti lake kwenye joto lile.

Nataka umpelekee daftari. Nataka umsomee barua hii, yote, hata pale panapohusu koti. Ningeweza kumpigia simu mwenyewe, na nitampigia, lakini nilishawahi kusimama kati yake na ukweli kama mkalimani, na sitaki ausikie tena kwa sauti yangu kwanza. Akitaka kunitukana mpe namba yangu. Akitaka kunyamaza, mwache anyamaze.

Lakini yote hayo ni yako kuamua, kwa sababu ni wewe utakayekuwa umekaa pale. Leo jioni nitaweka barua na daftari juu ya begi lako la mkononi. Asubuhi sitakuuliza kitu. Nitakuwa chini garini tangu saa moja, mizigo nimeshapakia, milango yote iko wazi. Sitashuka kukufungulia. Ukikaa nyuma nitakufikisha uwanjani vilevile, taratibu, wala sitakutafuta kwa kioo. Nimeshawahi kumwendesha mtu niliyemkosea, njia naijua.

Nakuona sasa unatokea kwenye kona, mifuko sita, na umesahau mkebe wa udi kama nilivyojua utausahau. Unanipungia mkono. Utafungua mlango wa mbele bila kufikiri, utatupa viatu, utaanza kunisimulia bei. Ni mara ya mwisho unakaa hapo bila kujua, kwa hiyo usinishangae nikipita njia ya mbali kurudi nyumbani.

Baba yako,
Bakari